Uzi wa wapiga picha wa ridhaa Mtwara na Lindi: mwanga wetu, bahari yetu, na kukua na kamera uliyonayo

Mwanga_wa_Kusi

Heshima kwenu wakuu.

Uzi huu ni wa wanaopiga picha kwa kupenda tu. Mwenye simu, mwenye Canon ya mtumba, mwenye kamera aliyoachiwa na mjomba, wote karibuni. Mambo ya bei za harusi yana uzi wake.

Naanza na mwanga, maana hapo ndipo masomo mengi ya YouTube yanatupoteza. Wanaofundisha kutoka Ulaya wanasema kuna saa nzima ya mwanga wa dhahabu asubuhi na jioni. Kwao ni kweli, jua lao linapanda kwa mshazari. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua linapanda karibu wima, nyuzi 14 au 15 kila saa, na ule mwanga laini wa manjano unakaa dakika 25 hadi 30 basi. Giza nalo halina subira: dakika 25 hivi baada ya jua kuzama, mwanga wa kumpiga mtu bila taa umekwisha.

Kwa hiyo saa ni muhimu kuliko lenzi. Mtwara mjini mwezi Juni jua linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi na kuzama saa 12 na dakika 5 jioni. Desemba linachomoza dakika chache kabla ya saa 12 na kuzama kama saa 12 na dakika 38. Fika mahali pako dakika 20 kabla, kamera imeshapangwa, umeshajua utasimama wapi. Ukitoka nyumbani jua limeshachomoza, umechelewa.

Kipimo rahisi kisichohitaji programu yoyote: tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, piga. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limevuka nyuzi 45 na macho ya watu yatakuwa mashimo meusi, hivyo hamia barazani, chini ya mwembe au upenuni mwa nyumba. Karibu tarehe 20 Oktoba na 22 Februari ndiyo mbaya zaidi, adhuhuri jua linapita utosini kabisa.

Sasa kuhusu kukua. Chagua sehemu moja unayofika kwa miguu ndani ya dakika 10. Gengeni, gatini, njia ya shule, mti mmoja wa mkorosho, popote. Nenda mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na kamera ileile. Mwenye lenzi ya zumu (ya kuvuta karibu na mbali) ya milimita 18–55 aiweke kwenye 35 na abandike kipande cha selotepu kwenye pete ya zumu isizunguke. Kila safari hifadhi picha tatu tu, nyingine futa au weka folda ya pembeni. Sababu ni hii: mahali pasipobadilika, kinachobadilika ni mwanga na jicho lako. Baada ya wiki ya tano au ya sita utaanza kuona vitu ulivyopita mbele yake mara kumi bila kuviona, na hiyo ndiyo raha yenyewe ya kazi hii. Anayezunguka kila wiki mahali papya anapiga upya wa mahali, hapigi anachokiona yeye.

Karibuni.

Binti_Mikindani

Ahsante kaka kwa uzi. Natumia simu ya kawaida tu. Nikimpiga mtu mbele ya bahari, ama anga linaungua linakuwa jeupe tupu, ama mtu anakuwa mweusi haonekani sura. Nifanyeje?

Mwanga_wa_Kusi

Dada, hilo ndilo tatizo namba moja la pwani yote. Tofauti ya mwanga kati ya maji yanayong'aa na uso wa mtu ni kubwa kuliko sensa ndogo ya simu (kile kipande kinachopokea mwanga) inavyoweza kubeba. Simu haina kosa, inalazimika kuchagua upande mmoja.

Kwanza futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu mweupe dhidi ya jua. Kisha gusa uso wa mtu kwenye kioo, shikilia kidole mpaka ionyeshe imejifunga, halafu vuta kile kijua kidogo kushuka polepole mpaka rangi ya anga irudi. Uso ukiwa bado unaonekana, piga. Ukiwa umezama, usilazimishe kwa programu baadaye, utapata chengachenga (vidoadoa kama mchanga). Badilisha mahali.

Mgeuze mtu. Asubuhi simama jua likiwa nyuma yako au ubavuni. Au mweke ukingoni mwa kivuli, hatua moja tu ndani ya baraza, uso ukitazama nje. Mchanga mweupe au ukuta wa chokaa ulio mbele yake unamrudishia mwanga usoni, ni taa ya bure. Nyuma yake pawe na ukuta au mlango wenye giza, bahari iache. Mlango wa zamani wa Mikindani wenye nakshi unabeba picha kuliko maji meupe yaliyoungua.

Na zima kile kitu cha urembo kwenye kamera ya mbele. Kinapausha ngozi na kufuta mistari ya uso mpaka mtu anapoteza sura yake. Ngozi yetu ina rangi nyingi ndani yake, jua la jioni linazitoa vizuri mno likiachwa lifanye kazi.

Zumu ya vidole viwili usiitumie. Ile ni kukata picha tu, sogea kwa miguu.

Mmakonde_Newala

Naongezea jambo la kamera kudanganyika kwenye mwanga, kwa ajili ya wanaopiga vinyago na wanaopiga mashamba ya chumvi.

Mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, haijui kwamba kitu ni cheusi au cheupe. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ukijaza fremu kwa kinyago cha mpingo, inaongeza mwanga mpaka mpingo unakuwa kama mti uliopakwa majivu. Ukijaza fremu kwa chumvi, inapunguza, chumvi inakuwa chafu. Tumia alama ya +/− ya kuongeza au kupunguza mwanga: mpingo shusha −1 hadi −1.7, chumvi na kanzu nyeupe pandisha +1 hadi +1.7. Angalia histogramu, ile grafu: ikigota ukuta wa kulia, nyeupe imeungua na hairudi.

Kinyago nakipendekezea hivi. Meza mita 1 kutoka dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Nyuma yake kitambaa cheusi au kijivu kisicho na maua, kiwe mbali kama mita 1 ili kisionyeshe nyuzi zake. Upande wa pili wa dirisha simamisha karatasi nyeupe au mfuko wa sembe uliogeuzwa ndani nje, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye kinyago. ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi linalopitisha mwanga f/8, kamera juu ya stendi au stuli, taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Shata, yaani muda wa kamera kufunguka, itatoka yenyewe robo au nusu sekunde, haina shida kwa sababu kinyago hakitembei.

Mpingo uliong'arishwa unaakisi dirisha na kuacha baka jeupe. Usihamishe meza wala kamera, zungusha kinyago nyuzi chache chache mpaka lile baka ligeuke mstari mwembamba unaofuata ukingo wa umbo. Vinyago vya ujamaa, vile vya watu waliobebana, vinahitaji pia mwanga kidogo kutoka nyuma ili matundu yaonekane ni matundu. Ukipiga kwa flashi ya kamera kutoka mbele, kazi yote ya fundi inakuwa bapa.

Na hili la msimu: Juni hadi Agosti watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), alfajiri umande ukiwa bado. Picha zake dhidi ya jua ni nzuri kupita kiasi, lile vumbi la njano likipita katikati ya matawi. Lakini simama upande upepo unakotoka, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiacha tundu la lenzi tu, na usibadilishe lenzi shambani. Salfa ikikutana na unyevu inakula sehemu za shaba ndani ya kamera. Funika pua na macho pia.

Nachingwea_Mgeni

Wakuu, nataka kununua kamera ya mtumba. Kuna moja ya Nikon na lenzi yake 18–55. Nikague nini kabla sijatoa hela?

FundiLenzi_Lindi

Mgeni, nenda na tochi ndogo, memori kadi yako na gazeti.

Anza na lenzi. Itoe kwenye kamera, fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kutoka mbele kwa pembe. Vumbi kidogo si tatizo. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui au mizizi, hiyo ni kuvu. Huku kwetu kwenye unyevu wa pwani ndiyo ugonjwa mkuu wa lenzi. Kuvu kidogo pembeni inapunguza bei. Kuvu katikati achana nayo, na usiilaze kabati moja na lenzi zako nzima.

Kisha sensa. Weka f/16, elekeza kwenye anga safi, vuruga fokasi (ulengaji wa ukali wa picha) makusudi, piga, na ukuze picha mpaka mwisho. Madoa meusi ya duara ni vumbi, linasafishika. Mkwaruzo mrefu usiohama haufutiki.

Tandika gazeti mezani, piga kwa pembe ya nyuzi 45 ukiilenga mstari mmoja wa maandishi, kwenye tundu kubwa kabisa. Mstari uliolenga usipokuwa ndio mkali kuliko mingine, fokasi imepotoka.

Piga picha moja, ipeleke kwenye kompyuta na usome idadi ya shata ndani ya taarifa za faili, zipo tovuti zinazosoma bure. Kamera nyingi za ngazi ya mwanzo hukadiriwa kufikia shata 100,000 hivi. Iliyopiga 20,000 bado kijana. Tazama pia pini ndogo za chuma ndani ya tundu la kadi zisiwe zimepinda, na bonyeza kila kitufe. Dalili ya kamera iliyolala karibu na bahari ni skrubu za chini zenye kutu na pete ya zumu inayokwaruza kama ina mchanga. Hiyo iache hata kwa bei ya kutupa.

Ukishainunua, itunze hivi. Kontena la plastiki la kufunga kwa klipu, lita 10 linatosha. Ndani gramu 200 za silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipanda 60 na kuendelea kwa wiki kadhaa, kuvu inaanza. Chini ya 30 kwa muda mrefu si nzuri pia, mpira na grisi vinakauka. Silika ya bluu ikishiba inageuka pinki, ya machungwa inageuka kijani. Ikaushe kwa moto mdogo ukiikoroga, dakika 20 au 30, mpaka rangi irudi. Moto mkali unapasua chembe. Ya bluu ina kobalti, hivyo kikaango chake kisirudi jikoni kwa chakula. Mchele watu wanaushauri sana, mimi siukubali: unavuta unyevu kidogo na unaacha unga unaoingia kwenye pete.

Mfuko wa ngozi wa kamera usiulaze na kamera ndani, ngozi inahifadhi unyevu.

Kilwa_Masoko_Pwani

Mwanga_wa_Kusi, nakuheshimu mkuu ila kwenye jua la mchana nakupinga kidogo. Si kila kitu kinaharibika saa 6.

Kwanza maji. Ile rangi ya kijani ya feruzi juu ya mchanga na matumbawe inatoka jua likiwa juu, saa 5 hadi saa 8, maji yakiwa yametulia. Asubuhi mapema jua linateleza juu ya maji, unaona kioo tu, chini huoni. Ukiwa na filta ya polaraiza izungushe polepole huku unatazama, mng'ao unatoweka na chini kunafunguka. Inakula mwanga wa hatua 1 hadi 2 (kila hatua inapunguza mwanga kwa nusu), angalia shata isishuke. Na usiitumie kwenye lenzi pana ikiwa na anga kubwa, anga litatoka na doa la bluu nzito katikati.

Pili magofu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, upande wa makuba, adhuhuri jua linapiga sakafu kwenye sehemu zilizoanguka paa, na sakafu inarudisha mwanga juu hadi chini ya makuba. Jioni kule ndani ni giza. Kwa kuta za nje ni kinyume: mawe ya matumbawe na chokaa yanahitaji jua la pembeni ndipo kila tundu litoe kivuli chake. Jumba la Husuni Kubwa na ngome ya Gereza vipigwe jua likiwa chini. Kibali kinachukuliwa huku Masoko kabla ya kuvuka, panga hilo ndani ya muda wako, usije ukategemea mwanga wa alfajiri bila kuzungumza siku moja kabla.

Mwanga_wa_Kusi

Nimekuelewa mkuu na nakubali. Kanuni yangu ya kivuli ni ya nyuso za watu, kwa maji na makuba wewe uko sahihi.

Naomba uelezee na mambo ya maji kupwa na kujaa, wengi wanakosea hapo.

Kilwa_Masoko_Pwani

Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji yanakupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na yanajaa karibu saa 10. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa piga hesabu: saa 4 mwanga umeshakuwa mkali. Ukitaka akina mama wanaotafuta pweza na chaza kwenye mwamba, huku mwanga ukiwa bado wa manjano, nenda siku tatu au nne kabla ya bamvua, maji yanakupwa mapema, kwenye saa 1. Hayatoki mbali kama siku yenyewe ya bamvua, lakini mabwawa ya maji yanabaki na yanaakisi anga. Hakiki kwenye jedwali la maji ya bandari ya karibu, na ukiwa mbali mwambani geuka utazame nyuma kila baada ya dakika chache. Maji yanarudi kupitia mifereji nyuma yako kabla hujayaona mbele.

Waombe ruhusa kwanza, wale wapo kazini.

FundiLenzi_Lindi

Ukirudi kutoka huko usiifute kamera kwa kitambaa kikavu. Chembe za chumvi na mchanga zinakwaruza. Tumia kipulizio cha mpira kwanza, si mdomo, mate yana unyevu. Kisha kitambaa kilicholoweshwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na kukamuliwa sana, pitisha mwili wote, kibadilishe upande kila mara, malizia na kikavu. Stendi iliyoingia baharini ifunguliwe miguu yote, ioshwe kwa maji baridi na ianikwe kivulini, la sivyo mwezi ujao haifunguki. Kipindi cha kusi upepo unabeba chumvi hewani hata ukiwa mita 100 kutoka majini, filta ya kioo ya kukinga lenzi ni lazima.

Na mnaotoka kwenye gari lenye AC: funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kushuka, iache dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje. Ukiitoa ghafla inatoa jasho mpaka ndani.

Binti_Mikindani

Na ngoma je? Picha zangu za sindimba zote zimefifia, mikono haionekani.

Mmakonde_Newala

Shata yako iko chini, dada. Kumgandisha mchezaji unahitaji 1/500. Kwenye simu ingia hali ya Pro, weka shata 1/500 na ISO uiache ijiendeshe yenyewe. Jua likiwa limeshaingia mawinguni ISO itapanda na chengachenga zitakuja, zikubali, picha yenye chembe ni bora kuliko iliyofifia.

Ukitaka mwendo uonekane, shuka 1/30 na ufuate kiuno cha mchezaji mmoja kwa kamera bila kusita. Kati ya picha 20 tegemea 2 nzuri. Katikati, 1/125, ndipo pabaya: haigandishi wala haionyeshi mwendo, inaonekana kosa tu.

Simama upande ambao jua la jioni liko nyuma ya wachezaji. Vumbi linawaka. Lenga kipimo cha mwanga kwenye nyuso, siyo kwenye vumbi, na ukingie lenzi jua kwa kiganja au kofia. Piga chini, kamera usawa wa magoti, ndipo miguu inaonekana inaacha ardhi.

Mapiko, ngoma ya vinyago vya kuvaa, ni habari nyingine. Zungumza na wenye ngoma kwanza, na wakisema sehemu fulani haipigwi, kamera iingie mfukoni. Ya ndani ya jando na unyago hayapigwi kabisa.

Nachingwea_Mgeni

La mwisho kwangu: RAW au JPEG? Na picha nikishapata nzuri naziweka wapi? Zote zinaishia kwenye simu.

Mwanga_wa_Kusi

Piga zote mbili kwa pamoja kama kadi inaruhusu. RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaihariri, inabeba anga la pwani vizuri, unaweza kurudisha mawingu ambayo JPEG imeshayafuta. Snapseed ni ya bure na inafungua faili za DNG, aina mojawapo ya RAW. Ukihariri, shusha sehemu angavu, pandisha vivuli kidogo, nyoosha mstari wa upeo wa bahari, basi. Bahari iliyoinama nyuzi 2 tu inaharibu picha nzima. Rangi usiiongeze mpaka udongo mwekundu wa Newala uwe kama rangi ya mdomo.

Usitume kwa WhatsApp kama picha, inaibana. Tuma kama dokumenti. Weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, mfano diski ya nje nyumbani na nyingine kwa ndugu.

Na safisha. Narudia, safisha kwenye karatasi. Sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli 1800 kwa 1200, simu yoyote ya leo inatosha. A4 ni pikseli 3508 kwa 2480, karibu megapikseli 9. Waambie studio wasiongeze mwanga wala rangi kwa mashine, na ile ya 10 kwa 15 ukate mwenyewe kwa uwiano wa 3:2 kabla, vinginevyo mashine itakata vichwa vya watu. Kila mwezi chagua tatu, zibandike ukutani unapolala. Ile utakayoichoka baada ya wiki itakuonyesha tatizo lake, ile utakayoendelea kuitazama ndiyo ya kusoma kwa nini. Na nakala moja mpelekee uliyempiga.

Binti_Mikindani

Kaka, nimeweka selotepu ya mawazo kwenye simu, zumu sigusi tena. Nimechagua ngazi za gatini, kila Jumamosi asubuhi. Picha tatu za kwanza naziweka hapa wiki ijayo mzikosoe.

Mwanga_wa_Kusi

Ziweke, dada. Andika na saa uliyopiga, jua lilikuwa upande gani, na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Tutakuuliza maswali matatu: jicho linakwenda wapi kwanza, kitu gani kingetolewa kwenye fremu, na ungesogea hatua ngapi na kuelekea wapi.